Vitofali Laki Moja na Mji wa Mwaka 3020

Kuna mji mmoja ambao haujakaliwa na mtu hata siku moja, wala hautakaliwa, na juu ya hivyo watu wameufungia safari kwenda kuutazama. Mji huo ni mweusi tititi, kutoka misingi hadi ncha za minara. Ulionyeshwa mwaka 2019 huko Toronto, nchini Kanada, katika Jumba la Makumbusho la Aga Khan, jina ambalo si geni kwetu Mombasa. Umejengwa kwa vipande vya plastiki vinavyokaribia laki moja, vitofali vile vile ambavyo watoto wa ng'ambo huvimwaga sakafuni, na wazazi wao wakavikanyaga usiku pekupeku. Aliyeujenga ni Bwana Ekow Nimako, mzaliwa wa Montreal ambaye asili ya wazee wake ni Ghana. Kauita *Kumbi Saleh 3020 CE*.

Najua wapo watakaouliza: je, mtunga mashairi mwenye mvi amekosa la kuandika mpaka ageukie vichezeo? Nawaomba subira. Ndani ya jambo hili mna swali ambalo limetukalia mlangoni sisi watu wa mwambao kwa miaka mingi sasa, nalo ni hili: nani ana ruhusa ya kuuchora wakati ujao, na anapouchora, huwaweka wapi wale waliokuwapo kabla yake?

Lakini kwanza tukijue kitofali chenyewe. Mwaka 1932, wakati biashara ilipokuwa imepooza duniani kote, seremala mmoja wa Billund nchini Denmark, Ole Kirk Christiansen, alianza kuchonga vichezeo vya mbao ili apate riziki. Jina la LEGO alilitunga kwa maneno mawili ya Kidenmark yenye maana ya "cheza vizuri." Plastiki ilikuja baada ya Vita Vikuu vya Pili, na tarehe 28 Januari 1958 mwanawe Godtfred akaiandikisha rasmi ile hila ya kushikamanisha inayojulikana leo: juu ya kitofali mna vinundu, chini yake mna mirija, na kinundu huingia pembeni mwa mrija kikakamatwa kwa nguvu ya kiasi, inayotosha kushika bila gundi na kuachia bila nyundo. Kutoka kinundu hadi kinundu ni milimita 8. Kipimo hicho hakijabadilika, ndiyo sababu kitofali cha mwaka 1958 huingia sawasawa katika kile kilichotoka kiwandani juzi.

Kitofali kinachojulikana zaidi kina vinundu vinane, safu mbili za vinne vinne. Chukua viwili vya rangi moja: utaweza kuviunganisha kwa namna 24. Chukua vitatu: namna 1,060. Ukichukua sita, basi ni namna 915,103,765. Kwa miaka mingi kiwanda chenyewe kilikuwa kikitangaza hesabu ndogo kuliko hiyo, milioni 102 na ushei, kwa kuwa kilihesabu minara ya ghorofa sita peke yake. Aliyewasahihisha ni mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, Søren Eilers, akisaidiwa na kompyuta.

Mtunzi wa mashairi hawezi kulisikia hili asitabasamu. Vinundu vinane! Na kipande cha shairi letu kina mizani ngapi? Nane. Muyaka bin Haji alizitumia mizani hizo hizo hapa Mombasa, zaidi ya karne moja na nusu iliyopita, na baada yake wamezitumia maelfu, na hadi leo hajatokea mtu wa kusema kuwa zimekwisha. Wengi wanadhani kipimo humfunga mtunzi. Waliokaa chuoni mbele ya ubao wanajua kinyume chake, maana maalim alitupa herufi 28 tu, akatusimamisha juu ya kila moja mpaka tukaijua, kisha kwa hizo hizo tukafunguliwa maneno yote.

Basi wakatokea watu wazima ambao hawakutaka kuachana na vitofali hivyo. Hawa hawajengi kwa kufuata kijitabu cha maelezo kinachokuja ndani ya kasha. Wao hununua vipande kwa kilo au kwa maelfu, wakavitenga kwa rangi na sura katika visanduku, kisha wakajenga kitu ambacho hakikuwapo. Wengi wao hupenda mambo ya anga na ya zama zijazo. Asili yake iko mwaka 1978, kiwanda kilipotoa vyombo vya kwanza vya safari za anga vya mfululizo uliopendwa mno, kazi ya fundi Jens Nygaard Knudsen, aliyefariki mwaka 2020. Vyombo vile vilikuwa vya rangi ya buluu na kijivu, vina vioo vya manjano, na mabaharia wake wote walitabasamu. Hapakuwa na bunduki hata moja. Bunduki za angani zilikuja kwa wingi baadaye, khasa mwaka 1999 kiwanda kilipoanza kutoa vyombo vya sinema ya Star Wars.

Waliokuwa watoto mwaka 1978 sasa ni watu wenye mishahara, nao hawana mzaha. Wana desturi ya kujenga chombo cha anga ambacho urefu wake usipungue vinundu 100, yaani sentimita 80, na wengine huchagua mwezi mzima wa Septemba kwa kazi hiyo. Walio na subira zaidi hujenga mandhari nzima: bandari za vyombo vya anga, migodi ya sayari zisizo na hewa, miji iliyozama, barabara zilizorundikana ghorofa juu ya ghorofa, na chini kabisa kichochoro chenye taa na mchuuzi wa vyakula. Nyumba zina vyumba, vyumba vina vitanda, na kitandani mna mtu ambaye mtazamaji hatamwona ila akiinama.

Yapo mambo mawili katika ufundi huo ambayo nataka kuyataja. La kwanza ni namna wanavyoifanya plastiki tupu ionekane kuwa ni chombo kikubwa chenye kazi. Hila hiyo waliichukua kwa mafundi wa sinema. Star Wars ya kwanza, ya mwaka 1977, ilikuwa na vyombo vidogo vya mfano vilivyobandikwa vipande kutoka katika makasha ya vifaru na ndege za kuchezea, ili jicho likiona vijibomba na vijisanduku vingi lidanganyike kuwa linatazama kitu cha maili nzima. Wajenzi wa vitofali hufanya vivyo hivyo. Bomba la maji ya bustani la kijitu kidogo hugeuka kuwa mtambo, na gurudumu likilazwa ubavu huwa tundu la moshi. Mwenye kujenga huulaza ukuta kwa ubavu pia, vinundu vikaangalia pembeni badala ya juu, na hapo ndipo mikunjo na mapindo ya ajabu hupatikana.

La pili ni mapatano. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wajenzi wa Marekani Kaskazini walianza kujenga kambi za mwezini kwa ushirika. Kila mtu hujenga chumba chake nyumbani kwake, atakavyo, rangi atakayo, ila ukubwa wa bamba la chini na kimo cha milango ya ujia vimekubaliwa na wote. Siku ya maonyesho wanakutana watu ambao hawajawahi kuonana, kila mmoja na sanduku lake, wakaunganisha milango, na kambi ikaenea meza baada ya meza. Hapana amiri wala meya. Mimi hilo hunipendeza kuliko ukubwa wowote. Ukubwa hununuliwa: mwezi Mei 2013 kiwanda chenyewe kilisimamisha New York chombo kimoja cha Star Wars cha kimo cha kweli, chenye vitofali zaidi ya milioni 5, na watu wakakipiga picha wakaenda zao.

Sasa turudi kwa wakazi wa miji hiyo. Vijitu vya LEGO vyenye mikono na miguu inayopinda vilitoka mwaka ule ule wa 1978, na nyuso zao zote zilikuwa za manjano. Maelezo yalikuwa kwamba manjano si rangi ya taifa lolote, kwa hivyo kila mtoto atajiona humo. Nia njema siikatai. Lakini mwaka 2003, kiwanda kilipoamua kutengeneza vijitu vya wachezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani, na vile vile Lando Calrissian wa Star Wars, ndipo rangi za ngozi za watu zilipoanza kutumika. Yaani ilipohitajika kumtengeneza mtu mweusi anayejulikana kwa jina, ile manjano ya watu wote ghafla haikufaa. Msomaji atapima mwenyewe kama ilikuwa ya watu wote kweli. Kwa hesabu hiyo, wasafiri wa anga walikwenda mwezini miaka 25 kabla ya kuwa na mwenzao mweusi hata mmoja.

Hapo ndipo Bwana Nimako alipoingia, naye hakuomba apewe kijitu cheusi. Alichukua vitofali vyeusi peke yake, akaacha rangi nyingine zote, na kazi zake akazikusanya chini ya jina la *Building Black*. Mtu angedhani kuwa mji wa rangi moja utakuwa kama kaa la moto lililozimika. Kumbe plastiki ile inang'aa, na nimeona katika picha jinsi taa inavyoupiga upande mmoja wa kila ukingo, na upande wa pili ukabaki na kivuli, hata kila dirisha likasomeka. Kazi ambayo wajenzi wengine huifanya kwa rangi kumi, yeye kaifanya kwa nuru.

Na alichokijenga ni nini? Kumbi Saleh ni mji uliokuwako. Magofu yake yako kusini-mashariki ya Mauritania, karibu na mpaka wa Mali, na Wafaransa walianza kuyachimbua mwaka 1914. Wataalamu wengi huuhesabu kuwa ndio makao makuu ya dola kongwe ya Ghana, ile iliyotajirika kwa dhahabu, na ambayo nchi ya Kwame Nkrumah ililichukua jina lake mwaka 1957 ingawa iko mbali nayo. Habari za makao hayo twazipata kwa al-Bakri, aliyeandika kitabu chake cha njia na falme mwaka 1068. Anasema palikuwa na miji miwili. Mmoja ulikuwa wa Waislamu, una misikiti kumi na miwili, maimamu, waadhini na mafakihi wake. Wa pili ulikuwa wa mfalme, mwendo wa maili sita, nao ukiitwa al-Ghaba kwa sababu ya vichaka vyake vitakatifu. Kati ya miji hiyo miwili nyumba zilifuatana bila kukatika. Farasi wa mfalme walivikwa dhahabu, na hata mbwa waliolinda mlangoni walikuwa na kola za dhahabu na fedha.

Ajabu ni kwamba al-Bakri hakufika huko. Hakutoka kabisa Andalusi. Aliketi akawauliza wafanyabiashara na wasafiri, akasoma vitabu vya waliomtangulia, akaviunganisha vipande hivyo kimoja juu ya kimoja mpaka mji ukasimama. Na jambo jingine la ajabu: wachimbuaji wameuona mji wa mawe na msikiti wake mkubwa, lakini mji wa mfalme hadi leo haujaonekana. Nusu ya Kumbi Saleh iko katika maneno tu.

Kwa hivyo Bwana Nimako anapoongeza miaka elfu moja mbele na kuujenga mji huo jinsi utakavyokuwa mwaka 3020, yeye anaendeleza kazi iliyoanzishwa na mtu aliyeketi Andalusi na kalamu yake. Wajenzi wengi wa zama zijazo huanza na sayari tupu. Wanapenda pasiwe na mtu, ili wapande bendera. Huyu ameanza na mahali palipokuwa na watu, akauliza: je, kama mji huu haungaliangushwa, kama watoto wa watoto wao wangaliendelea kujenga juu ya kuta zile zile, leo ungekuwaje, na baada ya leo? Hilo ni swali la kisayansi na la kihistoria kwa pamoja, na mimi sijaona mji mwingine wa vitofali uliouliza namna hiyo.

Wapo watakaompinga kwa kusema kuwa ameota ndoto ya Mwafrika kwa plastiki ya Mzungu. Hoja hiyo ina uzito wake, nami sitaipuuza. Vitofali hivi ni mafuta ya petroli yaliyogandishwa. Kiwanda kilijaribu kuvitengeneza kwa chupa kuukuu za plastiki, kikautoa mfano wake mwaka 2021, na mwaka 2023 kikatangaza kuwa mpango huo umeachwa. Tena bei yake si ya mtoto wa Kisauni. Chombo cha Star Wars cha vipande 7,541 kilichotoka mwaka 2017 kiliuzwa dola 800, ambazo ni zaidi ya shilingi laki moja zetu za leo. Wenyewe hukadiria kipande kwa senti kumi za dola, kwa hivyo vipande laki moja ni dola elfu kumi kabla ya kulipia hata mwanga wa taa. Hayo yote ni kweli. Lakini karatasi nayo tuliipata kwa wageni, na hati za Kiarabu pia, na bado Waswahili wa Pate na Mombasa walizitumia kuandika tenzi ambazo Waarabu wenyewe hawakuzielewa. Kilichoazimwa ni chombo. Swali ni nani ameketi kwenye usukani.

Na hapa nafika kwetu. Kenya imejaa miji ya mfano. Tangu ilipotangazwa Dira ya 2030, mwaka 2008, tumeonyeshwa mji wa teknolojia wa Konza uliozinduliwa rasmi mwezi Januari 2013, na michoro ya bandari mpya ya Lamu, ambayo gati yake ya kwanza ilifunguliwa mwezi Mei 2021. Michoro hiyo mimi nimeitazama kwa makini ya mtu anayetafuta nyumba yao. Minara ya vioo ipo. Miti imepangwa kwa safu. Watu wadogo wadogo wamechorwa wakitembea na mikoba. Katika ile niliyoiona mimi, sikuona mtu anayeshona wavu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ilitoa hukumu kwamba mradi wa bandari ulivunja haki za watu wa Lamu, zikiwamo haki za utamaduni wao, na ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Majaji walilazimika kuwarudisha wavuvi katika picha ambayo mchoraji aliwaacha nje.

Mjenzi wa kambi ya mwezini angalau huacha mlango kwa kimo kilichokubaliwa, ili jirani aunganishe chake. Huo ndio mlango ninaoutafuta kila ninapoonyeshwa mji wa kesho ndani ya kioo.

Nimejiuliza, basi, kwetu mtu angeanzia wapi. Nafikiri ningempeleka Gede, kusini ya Malindi. Mwezi Julai 2024 Gede iliandikwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, na ilistahili: ina jumba la kifalme, misikiti, visima, vyoo vilivyojengwa kwa akili, na vigae vya kauri kutoka Uchina, vyote ndani ya msitu. Mzungu James Kirkman alianza kuichimbua mwaka 1948. Lakini Gede haikumpata al-Bakri wake. Wareno walikaa Malindi, mwendo mfupi tu, na hawakuitaja. Hapana mwandishi wa Kiarabu aliyetuambia ina misikiti mingapi wala mbwa wa mfalme walivaa nini. Katika karne ya 17 watu wakahama, na hata sababu ya kuhama inabishaniwa.

Kijana wa Watamu au wa Malindi atakayetaka kuijenga Gede ya zama zijazo itambidi aulize mawe. Si lazima apate vitofali vya Billund. Wapo watoto wa mwambao wanaochonga vidau vya mbao vyenye tanga na usukani na vikakata maji vizuri, na mikono hiyo hiyo yatosha. Rangi aichague mwenyewe. Ila ningependa aanze pale penye kaburi lenye tarehe, kwa sababu mji ule haukutuachia maandishi mengi, nayo tarehe hiyo mtu aliichonga kwa kusudi tuisome. Inasema 802 wa Hijria, yaani 1399 wa Miladi. Mwaka 3020 wa Bwana Nimako, kwa hesabu yangu ya haraka, utaangukia kiasi cha 2472 wa Hijria. Mjenzi wetu itambidi aamue ni tarehe ipi kati ya hizo ataichonga juu ya lango.